Kichwa na Mkia wa Daftari la Mpakani

Mto Ruhwa hugawa Rwanda na Burundi kabla ya kumwaga maji yake katika Mto Rusizi, mahali zinapokutana nchi hizo mbili na Kongo. Upande wa Rwanda, katika wilaya ya Rusizi, jina la mto huo ndilo jina la mahali pa kuvukia mpaka, jirani na bonde la Bugarama lenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji. Mahali pa namna hiyo huzaa maandishi mengi. Kila mtu, kila gari na kila mzigo huacha mstari wake daftarini, na siku hizi daftari lenyewe limo ndani ya kompyuta.

Tuseme afisa ameagizwa kutoa taarifa kutokana na mistari laki moja. Hawezi kuisoma yote. Katika R, lugha ya takwimu iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, zimo amri mbili fupi: head, yaani kichwa, na tail, yaani mkia. Ya kwanza huonyesha mistari 6 ya mwanzo. Ya pili, 6 ya mwisho. Atakaye 20 hutaja idadi hiyo. Daftari halibadiliki hata nukta.

Wenzetu waliopata kuongoza msafara wa magari wataielewa kazi hii upesi, kwani kamanda huuliza kichwa kiko wapi na mkia uko wapi kabla ya kuuliza jambo jingine.

Kichwa huonyesha kama majina ya safu yamekaa mahali pake, na kama tarehe zimesomwa sawasawa. Mkia, kwa maoni yetu, ndio wenye hatari zaidi. Huko Uingereza, mwaka 2020, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 wa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia katika hesabu iliyotangazwa. Orodha za maabara zilipitishwa katika faili za aina ya zamani, zisizobeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ikaachwa nje kimyakimya. Watu waliokaa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa na kuonywa.

Amri hizi hazioni katikati. Mistari 12 si taarifa, wala wastani haukokotolewi humo. Kwa katikati, mtu huchota mistari michache kwa bahati nasibu akaikagua.

Turudi Ruhwa. Tarehe 11 Januari 2024 Burundi ilitangaza kufunga mipaka yake ya ardhi na Rwanda. Daftari la wavukaji ambalo mkia wake unaishia siku hizo laweza kudhaniwa limekatika, kumbe ni njia iliyofungwa. Tena, mashine iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huisoma 11/01/2024 kuwa tarehe 1 Novemba, na hapo taarifa nzima ya mwaka hupinduka. Doria na walinzi hupangwa kwa miezi isiyo yake. Afisa na aandike chini ya taarifa yake sababu ya daftari kukomea hapo, na mwezi autaje kwa jina.