Kisiwa cha Cramond na Maji Yake

Kisiwa cha Cramond kimo katika ghuba ya Forth, huko Uskoti, karibu na mji wa Edinburgh, nacho ki yapata maili moja kutoka pwani. Ukubwa wake ni ekari 19 tu, wala hapana mtu akaaye humo. Zamani kondoo walilishwa huko. Siku hizi yako magofu ya majengo ya askari wa Vita Kuu ya Pili.

Maji yapwapo, mchanga na tope huwa wazi, na mtu aweza kwenda kwa miguu juu ya njia iliyojengwa. Kando yake zimepangwa nguzo za zege, ndefu kuliko mtu, zilizowekwa wakati wa vita hivyo ili mashua za adui zisipite maji yajaapo.

Njia hiyo ni salama kwa muda wa saa 2 kabla ya maji kupwa kabisa, na saa 2 baadaye. Mvuvi wa Lamu au Vanga hahitaji kuelezwa kwamba saa ya jana si saa ya leo, maana kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Lakini wageni watokao mjini hawalijui jambo hilo, na ubao wenye saa za maji, uliosimamishwa pwani, hupitwa bila kusomwa. Kisiwa kimeinuka kuliko njia. Basi mtu huketi pakavu, asitambue kwamba nyuma yake njia imekwisha kufunikwa. Aliyechelewa hutakiwa abaki kisiwani, asijaribu kuvuka, mpaka maji yapwe tena au mashua ya waokoaji wa Queensferry ije kumchukua.