Adabu ya Kutamka Kosa: Mila za Watu wa QEMU

Ukikosea jina la kifaa unapowasha mashine pepe kwa programu iitwayo QEMU, utajibiwa kwa mstari mmoja tu. Mstari huo huanza na jina la programu yenyewe, ikafuata nukta pacha, kisha kile kipande cha amri ulichokikosea, nukta pacha nyingine, na mwisho kosa lenyewe kwa maneno machache: jina hili si la kifaa kinachojulikana. Hauna nukta mwishoni. Hauna alama ya mshangao. Haukulaumu wala haukuombi radhi. Ukikosea jambo jingine kabisa, katika sehemu iliyoandikwa na mtu mwingine katika nchi nyingine, mstari utakaokujia utakuwa na umbo lilelile.

Umbo hilo ni mila. Limejadiliwa kwa miaka, likaandikwa kwenye miongozo, likavunjwa na wasiolijua, likarudishwa na wanaolijali. Mpita njia akiwaona watu wazima wakibishana kama ujumbe uishe na nukta au usiishe nayo, atadhani wana muda wa kupoteza. Mimi naona vingine. Katika mambo madogo kama hayo ndimo ilimo heshima ya jumuiya hii kwa mtu isiyemjua, atakayeusoma ujumbe huo usiku, kazi imesimama, na hana wa kumuuliza.

Watu wenyewe

QEMU ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard, na toleo lake la kwanza likatoka mwaka 2003. Kazi yake ni kuiga kompyuta nzima kwa programu: kichakataji, kumbukumbu, diski, kadi ya mtandao, hata saa. Ndani ya maigizo hayo huingizwa mfumo mwingine wa uendeshaji, nao hufanya kazi ukiamini kuwa una mashine yake. Mwaka 2007 sehemu iitwayo KVM iliingizwa kwenye kiini cha Linux, toleo la 2.6.20, ikauwezesha mfumo wa ndani kutumia kichakataji halisi moja kwa moja, huku vifaa vingine vikiendelea kuigizwa na QEMU. Jozi hiyo ndiyo inayobeba seva pepe nyingi zinazokodishwa duniani leo, na huenda ndiyo inayobeba ile anayoikodi kijana wa Nairobi au Dar es Salaam kwa ajili ya tovuti ya duka lake.

Waandishi wa QEMU hawana kijiji. Wapo walioajiriwa na kampuni kama Red Hat, IBM na Linaro, wapo wanafunzi, wapo wanaojitolea. Hutumiana viraka vya msimbo kwa baruapepe, vikasomwa hadharani, na hukutana uso kwa uso kwenye KVM Forum, mkutano ulioanza mwaka 2007. Tangu 2015 mradi wao umo chini ya mwavuli wa Software Freedom Conservancy ya Marekani. Watu waliotawanyika hivi hawaunganishwi na ukoo wala na mwajiri mmoja. Kinachowaunganisha ni namna moja ya kufanya kazi, ndiyo maana wanailinda kwa wivu.

Mgeni na mwenyeji

Mfumo unaoendeshwa ndani ya mashine pepe wanauita mgeni. Kompyuta halisi inayoubeba ni mwenyeji. Sheria mojawapo nzito katika mwongozo wao wa uandishi inamhusu mgeni: asipewe uwezo wa kuizima QEMU. Mwandishi anaruhusiwa kuifunga programu yote kwa amri ya exit() iwapo kosa limeonekana mwanzoni, wakati mipangilio inasomwa na hakuna kilichoanza. Mashine ikishaanza kazi, ruhusa hiyo inakoma. Kama mgeni amekigusa kifaa kwa namna isiyotarajiwa, hata kama ni namna ambayo mwandishi hakuwahi kuifikiria, QEMU itapaswa kulihimili jambo hilo na kuendelea.

Sheria hiyo inaingia hadi kwenye kumbukumbu za matukio. Mgeni anaweza kurudia kosa lilelile mara zisizohesabika kwa sekunde, kwa bahati mbaya au kwa nia mbaya. Lau kila kosa lake lingeandikwa pale yanapoandikwa makosa ya mwenyeji, diski ingejaa na taarifa za maana zingezama. Kwa hiyo makosa ya mgeni yana mlango wake, LOG_GUEST_ERROR, ambao hubaki umefungwa mpaka mwenye mashine aufungue mwenyewe kwa kuongeza -d guest_errors kwenye amri yake. Kifaa ambacho maigizo yake hayajakamilika kina mlango mwingine, LOG_UNIMP. Kabla ya kuandika neno lolote, basi, mwandishi wa QEMU hujiuliza maswali mawili: nani amekosea, na nani anapaswa kuambiwa?

Namna ya kusema

Zamani kila mtu alisema kwa mdomo wake. Fankisheni ya kawaida ya lugha ya C, fprintf, ilitosha kutupa maneno kwenye skrini, na kila mwandishi alitupa alivyopenda. Mmoja alianza na jina la programu, mwingine akaanza na neno la kutangaza kosa kwa herufi kubwa, wa tatu akasahau kumaliza mstari. Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa mahali. QEMU huweza kupokea amri kupitia dirisha la usimamizi ilhali imeshaanza kazi, na ujumbe uliotupwa kwa fprintf ulikwenda kwenye mkondo wa makosa wa mwenyeji. Aliyetoa amri alikaa dirishani akisubiri, na jibu lake likaishia mahali asipotazama.

Dawa ilikuwa fankisheni moja ya wote, error_report. Yenyewe hutambua pa kupeleka ujumbe, huweka mbele yake mahali kosa lilipotokea, na humaliza mstari. Mwandishi hubakiwa na kazi moja, kutaja kosa, na maelezo ya fankisheni hiyo yanampa masharti: ujumbe uwe kirai kimoja, bila alama ya mstari mpya, bila alama ya uakifishaji mwishoni. Kila sharti lina sababu yake. Mstari hufungwa na fankisheni, kwa hiyo anayeongeza alama yake anazalisha mstari mtupu. Nukta haihitajiki kwa kuwa maneno hayo yametanguliwa na jina la programu na mahali, na hayakusimama kama sentensi. Hekima hii imerithiwa. Miongozo ya mradi wa GNU husema vilevile: ujumbe unaofuata jina la programu usianze kwa herufi kubwa wala usiishe na nukta.

Mwaka 2017 zikaongezwa fankisheni ndugu mbili, warn_report kwa onyo na info_report kwa taarifa. Kabla ya hapo kila aliyetaka kuonya aliliandika mwenyewe neno la onyo, na kila mmoja kwa tahajia yake. Sasa neno hilo huwekwa na fankisheni, daima kwa herufi ndogo, daima mahali palepale. Kosa lenyewe halipewi lebo, maana usemi usio na lebo ndio wa kosa.

Mila nyingine inahusu mtu wa kulitangaza kosa. Fankisheni ya chini kabisa, ile iliyoligundua, kwa kawaida hailitangazi. Hulifunga katika kifurushi kiitwacho Error na kumkabidhi aliyeiita kupitia kigezo errp, ambacho kwa desturi hukaa mwisho wa orodha ya vigezo. Huyo naye humkabidhi wa juu yake, mpaka lifike kwa mwenye mamlaka ya kuamua: lisemwe, lirekebishwe, au liachwe. Wa chini hajui nani ameuliza wala kama kushindwa huko ni msiba au ni jambo la kawaida. Kulimeza kosa kimya kimya kwa uzembe ni aibu katika jumuiya hii. Mficha maradhi, kilio humfichua, na katika programu kilio hicho huja baada ya miezi, kwenye mashine ya mtu mwingine, mbali na mahali ugonjwa ulipoanzia.

Walipopita kiasi

Jumuiya hii ilijifunza pia kwamba usanifishaji una mpaka. QEMU huzungumza na programu nyingine kupitia itifaki ya QMP, na kila kosa linalopita humo huwa na sehemu mbili: aina, ambayo mashine huisoma, na maelezo, ambayo mtu huyasoma. Mwanzoni walitaka kila namna ya kosa iwe na aina yake, na kila aina iwe na sentensi yake iliyokwisha kutungwa. Orodha ikarefuka. Mwandishi aliyekutana na kosa jipya alilazimika kutunga aina mpya au kuchukua iliyo karibu, na wengi wakachukua iliyo karibu. Sentensi zikawa sanifu kabisa, na mtumiaji akabaki hajui kilichoharibika.

Mwaka 2012, kuelekea toleo la 1.2, wakageuza njia. Aina za makosa zikapunguzwa zikabaki chache, kama CommandNotFound na DeviceNotFound, na karibu kila kosa jingine likawekwa chini ya jina moja, GenericError. Maneno ya maelezo yakaachiwa mwandishi aliye karibu na tatizo. Uhuru huo huendana na katazo kwa programu zinazosikiliza: zisichambue maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mtu. Katazo hilo ndilo linaloruhusu sentensi mbaya isahihishwe kesho bila kuvunja kazi ya yeyote. Mabaki ya sentensi za zamani yaliendelea kuondolewa polepole kwa miaka mingi baadaye.

Hapa ndipo ninapoiona busara yao. Kilichosanifishwa ni umbo, mahali na mkondo wa ujumbe. Maana ya ujumbe imeachwa kwa anayelijua tatizo. Hata kidokezo cha ziada, ambacho huongezwa kwa error_append_hint na huonyeshwa kwa mtu tu, kina mpaka wake: kinafaa kwa jambo kama orodha ya thamani zinazokubalika, hakifai kufafanua ujumbe uliochanganya. Ujumbe ukichanganya, uandikwe upya.

Kuingizwa kwa wageni

Mtu mpya hapewi moyo wa mashine siku ya kwanza. Kati ya kazi ndogo ambazo jumuiya imewawekea wanaoanza ni kuzigeuza jumbe za zamani za fprintf ziwe error_report. Ni kazi nyenyekevu, lakini ina mafunzo mengi. Huwezi kuamua kama ujumbe ni kosa, onyo au taarifa bila kujua programu hufanya nini baada ya kuutoa. Ikiendelea na kazi uliyoiagiza, hilo ni onyo. Ikiacha, hilo ni kosa. Ili kulijibu swali hilo itakubidi usome fankisheni nzima, kisha iliyoiita, kisha iliyoiita hiyo. Anayemaliza viraka kadhaa vya namna hii ameshaifahamu nyumba chumba kwa chumba.

Kiraka chenyewe kina adabu zake. Kichwa hutaja sehemu inayoguswa, nukta pacha, na muhtasari mfupi. Chini yake huelezwa sababu. Mwisho huja mstari wa Signed-off-by wenye jina la mwandishi, desturi iliyoanzia kwa watu wa Linux mwaka 2004; kwa mstari huo mtu hushuhudia kuwa ana haki ya kuutoa msimbo huo. Programu ndogo ya checkpatch.pl hukagua kiraka kwanza, na mojawapo ya mambo inayoyakamata ni alama ya mstari mpya ndani ya ujumbe wa kosa. Kisha wasimamizi wa sehemu husika husoma, hujibu mstari kwa mstari, na mwandishi huleta toleo la pili, la tatu, mpaka mmoja wao aweke Reviewed-by na jina lake.

Wapo wanaopinga viraka vya namna hii, na hoja yao ina uzito. Kubadilisha mamia ya mistari kwa sababu ya umbo huificha historia inayoonyesha kila mstari uliandikwa na nani na kwa nini, na huwatia taabuni wanaotunza matoleo ya zamani. Desturi imejibu kwa kuweka masharti: mabadiliko ya umbo yasichanganywe na mabadiliko ya utendaji katika kiraka kimoja, yagawanywe kwa sehemu, na yasubiri pale toleo jipya linapokaribia na msimbo umefungwa. Ilipofika 2020, walipotaka kubadilisha kwa mapana namna makosa yanavyokabidhiwa, walitumia Coccinelle, zana ya watafiti wa Inria huko Ufaransa inayobadilisha msimbo kwa kanuni. Kazi ya mikono ilipungua, lakini macho ya watu hayakuondolewa.

Jirani yao libvirt, programu inayosimamia mashine pepe, ana desturi zinazostahili kutazamwa na msomaji wa Kiswahili. Ujumbe wa kosa hawaukati katikati ya mistari ya msimbo, ili anayeutafuta aupate mzima. Jumbe zao hutafsiriwa katika lugha nyingi, na mwaka 2023 walitia namba nafasi zote za kujazwa ndani ya sentensi, kwa kuwa kila lugha ina mpangilio wake, na mfasiri anahitaji uhuru wa kulitanguliza lile lililokuja mwisho.

Somo hili linatuhusu. Programu za malipo, za zahanati na za shule zinaandikwa kwa Kiswahili, na watumiaji wake ni watu wasio na mhandisi jirani. Ujumbe usemao kuna tatizo, jaribu tena baadaye, haumwambii mama ntilie kama fedha zake zimekwenda au hazijakwenda. Anastahili kujua kilichokataa, mahali kilipokataa, na kama kazi yake imesimama au inaendelea. Hilo haliwezi kuachwa kwa hiari ya kila mwandishi siku ya haraka. Kila kundi linaloandika programu kwa lugha hii liweke kanuni zake chache mahali pamoja, kila kanuni na sababu yake kando, ili kijana atakayekuja kesho azifuate kwa kuelewa na azibadilishe kwa hoja.