Kisiwa Cheupe cha Kaskazini

Msomaji akitazama ramani ya dunia, upande wa juu kabisa, kaskazini ya nchi ya Norwe, ataona visiwa viitwavyo Svalbard. Kisiwa cha mwisho upande wa mashariki huitwa Kvitøya, maana yake Kisiwa Cheupe. Jina hilo lakifaa sana. Eneo lake ni kama maili 260 za mraba, na karibu lote limefunikwa na barafu nene. Ardhi iliyo wazi ni vipande vichache tu vya mawe pwani. Hakuna mti wala mtu akaaye huko. Kwa muda wa miezi minne hivi jua halionekani, na kwa miezi mingine minne halitui.

Nahodha wa Kiholanzi, Cornelis Giles, alikiona mwaka 1707, lakini baada yake ni wachache waliokifikia, kwani bahari yake hujaa mapande ya barafu yawezayo kuvunja meli.

Tarehe 11 Julai, 1897, Waswidi watatu, S. A. Andrée, Nils Strindberg na Knut Frænkel, waliruka kwa puto kubwa kutoka magharibi ya Svalbard, wakitumaini kufika Ncha ya Kaskazini. Ukungu uligandamana juu ya puto ukalitia uzito, na baada ya siku tatu likatua juu ya bahari iliyoganda. Wakashika njia kwa miguu, wakiburura mizigo yao. Lakini barafu ile ilikuwa ikielea: wao walikwenda upande huu, nayo ikawachukua upande mwingine, hata taabu ya siku nyingi ikawa bure. Mwanzo wa Oktoba walifika Kisiwa Cheupe, na huko wakafa wote. Strindberg alitangulia, na wenzake wakamzika kwa mawe katika ufa wa mwamba.

Kwa muda wa miaka 33 hakuna aliyejua mwisho wao. Kiangazi cha mwaka 1930 barafu ilipungua, na tarehe 6 Agosti mabaharia wa meli ya Kinorwe, Bratvaag, waliposhuka pwani, walikuta mashua, kambi na mifupa. Yalikuwapo pia madaftari ya Andrée, na filamu ambazo mtaalamu John Hertzberg alizisafisha, zikatoa picha 93.

Hivyo baridi iliyowafunga watu hao ndiyo iliyotunza habari zao. Lakini baridi isingalikuwa na kitu cha kutunza, kama Andrée hangaliandika kila alichokiona na kukipima, hata katika siku za taabu.