Hurling na Usalama wa Wachezaji Vijana

Hurling, mchezo wa kale wa Ireland unaosimamiwa na Chama cha Michezo ya Kigaeli kilichoasisiwa mjini Thurles mwaka 1884, hukutanisha wachezaji 15 kila upande, ambao hupiga mpira mdogo wa ngozi kwa gongo lenye ncha bapa na kuuwania hata ukiwa angani. Kwa kuwa wachezaji hawalipwi mishahara, vipaji hutafutwa na kulelewa vijijini na shuleni, na shule kama St Kieran's ya Kilkenny, iliyotwaa mara nyingi Kombe la Croke, yaani taji la taifa la shule za sekondari, imetoa nyota wengi wa timu ya kaunti hiyo.

Sheria inaruhusu kusukumana bega kwa bega, lakini kumvaa mpinzani kwa mbele au mgongoni ni faulo, na anayempiga mwenzake gongo kwa nguvu, au anayeshika kwa makusudi wavu wa chuma unaokinga uso wa mpinzani, hutolewa kwa kadi nyekundu. Kofia ngumu zimekuwa lazima kwa wote tangu mwaka 2010. Kinga hiyo ni kubwa, ila haitoshi mwamuzi anaposita. Katika mechi za vijana, ambao miili yao bado inakua, filimbi inapaswa kupulizwa mapema, hata kwenye fainali.