Diski ya Akiba Imepachikwa? Swali Linalohusu Mshahara na Pensheni Yetu



Siku hizi viwanda vingi na mashamba makubwa ya chai huandika mahudhurio, kilo za majani na makato ya mishahara katika kompyuta. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni unaopelekwa RSSB ni asilimia 12 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu yetu. Zamani ulikuwa asilimia 6. Tena asiyetimiza miaka 15 ya michango hapati pensheni ya kila mwezi, hupewa fedha za mara moja tu. Basi mwezi mmoja ukipotea katika kumbukumbu, hasara ni ya mfanyakazi. Wajumbe wetu wakiambiwa "kompyuta imeharibika" hunyamaza, kwa kuwa hawajui waulize nini. Ndiyo maana tunaeleza hapa jambo moja: kupachika na kupachua diski.

Seva nyingi za kazi hutumia mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 kwa kufuata taratibu za Unix, mfumo uliozaliwa Marekani mwaka 1969. Humo kuna mti mmoja tu wa saraka, na shina lake huandikwa kwa alama ya mkwaju: /. Diski ya pili au ya tatu haitumiki mpaka ipachikwe kwenye saraka fulani, kama jembe lisivyolima bila mpini. Fundi huandika amri ya mount, kisha jina la diski, kisha saraka. Tuseme diski ya akiba imepachikwa kwenye /akiba. Tangu hapo kila kinachowekwa katika /akiba huingia diski ile.

Hatari iko hapa. Saraka ya /akiba ipo hata kama diski haipo. Ni sawa na chumba kitupu cha bohari: mlango uko wazi, na mpagazi ataingiza magunia bila kuuliza. Programu ya kunakili kumbukumbu usiku nayo haiulizi. Diski ikiwa haijapachikwa, nakala zinaandikwa katika diski kuu, pale pale zilipo kumbukumbu za asili. Diski kuu ikifa, vyote vimekufa pamoja. Isipokufa, itajaa, na programu ya mishahara itakwama siku ya malipo. Na diski ya akiba ikipachikwa baadaye, nakala zile zinafichika chini yake; hazionekani, lakini bado zimejaza nafasi. Fundi asiyejua hilo atatafuta mchana kutwa.

Diski zinazopachikwa kompyuta inapowaka huandikwa katika faili la /etc/fstab, kila moja na mstari wake. Ni afadhali diski itajwe kwa namba yake ya kudumu, iitwayo UUID, kwa sababu majina kama /dev/sdb1 huweza kubadilishana mashine inapowashwa upya. Mafundi wengine huongeza neno nofail, ili mashine iendelee kuwaka hata diski ikikosekana. Neno hilo lina faida yake, hasa umeme ukikatika na kurudi usiku, lakini linaficha kasoro: asubuhi kila kitu kinaonekana kizima. Sisi tunaona anayelitumia lazima aweke na ukaguzi.

Ukaguzi si kazi kubwa. Amri ya findmnt huonyesha diski zote zilizopachikwa na mahali pake. Katika programu ya kunakili huwekwa amri ya mountpoint, ili isipoikuta diski, kazi isimame na kutoa taarifa. Tena saraka tupu yaweza kufungwa kwa chattr +i kabla ya kupachika, isipokee kitu.

Kupachua nako kuna adabu yake. Amri ni umount, bila n ya kwanza. Wengi hukosea hapo. Maandishi mengine huwa bado yamo katika kumbukumbu ya muda ya mashine, hayajafika diskini, na umount huyamaliza kwanza. Anayechomoa diski kabla ya hapo huweza kupoteza kazi ya siku nzima. Zikipachikwa nyingi, moja ndani ya nyingine, ya ndani hutolewa kwanza. Mashine ikijibu kwamba diski inatumika, fuser au lsof itaonyesha ni programu gani inayoishika, nayo ifungwe kwanza. Kulazimisha kwa umount -l huiondoa diski machoni tu, na programu huenda bado inaandika.

Wajumbe, mkutanapo na mwajiri ombeni mwonyeshwe mambo matatu: matokeo ya findmnt ya siku hiyo, tarehe ya nakala ya mwisho, na faili moja la mishahara likirudishwa kutoka diski ya akiba na kufunguka mbele yenu. Na kila mmoja wetu aendelee kutunza hati zake za mshahara nyumbani, za karatasi.