Pikapu za Dizeli Zitokazo Shinyanga na Geita: Namna ya Kuzitunza na Kuziongezea Nguvu



Kila msimu wa karafuu ukikaribia, maswali yanayotufikia ofisini huwa ni ya majamvi, magunia na wachumaji. Mwaka huu limezidi swali jingine. Baadhi yenu mmekusanya fedha, wawili wawili au watatu watatu, mkitaka kununua pikapu ya dizeli iliyokwisha tumika bara, khasa zile zitokazo Shinyanga, Kahama na Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Nanyi mwauliza: Je, injini yake itafaa? Na ikiwa ni dhaifu, yaweza kuongezwa nguvu ikapanda vilima vyetu na mzigo?

Swali hili si dogo. Gari ikilala njiani siku ya mavuno, karafuu mbichi hukaa ndani ya gunia, hushika joto, hubadilika rangi, na daraja yake hushuka. Basi aliyenunua gari mbovu hupoteza mara mbili: fedha ya gari, na fedha ya karafuu. Kwa hivyo tumeona ni bora tueleze jambo hili kwa wote pamoja.

Kwanza, tutazame magari haya yametumika wapi. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, kisha mgodi mkubwa ukafunguliwa tena mwaka 2000. Bulyanhulu, karibu na Kahama, ilianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Buzwagi ilianza mwaka 2009, ikaacha kuchimba mwaka 2021. Huko Mwadui, Shinyanga, almasi imechimbwa tangu mwaka 1940. Pembezoni mwa migodi hiyo wako wachimbaji wadogo, kama wale wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu, wenye maduara yao na makarasha yao ya kusagia mawe. Watu wote hawa hawana budi na gari ya kubeba maji, dizeli, magogo ya matimba na mifuko ya mawe. Nazo gari zinazopendwa ni Toyota Land Cruiser na Toyota Hilux.

Land Cruiser nyingi za aina hii zina injini iitwayo 1HZ, iliyotolewa mwaka 1990, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita 4,164. Hilux za zamani zina injini za 2L, 3L au 5L, zenye silinda nne, na ujazo wa sentimita 2,446, 2,779 na 2,986. Injini hizi za aina ya zamani hazina kompyuta. Fundi mwenye spana na akili aweza kuzifungua chini ya mwembe, na ndiyo sababu zimedumu.

Sasa tueleze kwa ufupi injini ya dizeli inavyofanya kazi, kwani asiyejua hili atadanganywa na kila fundi. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ikawa ndogo sana. Katika 1HZ hubanwa zaidi ya mara 22. Hewa iliyobanwa namna hiyo hupata joto la digrii zaidi ya 500, na hapo nozo humwaga dizeli kama ukungu mwembamba, nayo huwaka yenyewe. Basi injini hii yataka mambo matatu tu: hewa safi ya kutosha, dizeli safi iliyopimwa, na mbano mzuri. Juu ya hayo yataka ipozwe. Kila ugonjwa wa injini ya dizeli, ukiufuata, utafika kwenye moja ya mambo hayo.

Adui wa kwanza wa injini ya machimboni ni vumbi. Dhahabu ya huko hukaa ndani ya mawe meupe magumu, na vumbi la mawe hayo ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Likipita kwenye eya klina iliyotoboka, au kwenye mpira wa hewa uliopasuka, huingia ndani ya silinda, likachanganyika na oili, likawa kama msasa. Ringi za pistoni husagika, mbano hupungua, na injini huanza kula oili. Kijiko kimoja cha vumbi hilo chaweza kuleta madhara ambayo miaka mingi ya kazi isingeyaleta. Kwa hivyo mwenye pikapu hana budi kutazama eya klina kila wiki, na mipira na klipu zake pia. Watu wengi hubadili filta mpya wakaacha mpira mbovu. Huko ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Adui wa pili ni mafuta mabaya. Pampu ya dizeli ya injini hizi hulainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake. Haina oili nyingine. Ikipita dizeli yenye maji, pampu hushika kutu. Ikipita dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo ni mepesi na hayalainishi, pampu husagika na nozo huharibika. Zamani mchanganyiko huu ulienea bara kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli. Mwaka 2010 EWURA walianza kutia alama ndani ya mafuta ili wadanganyifu wajulikane, na mwaka 2011 serikali ikaipandisha kodi ya mafuta ya taa. Lakini gari iliyokuwa ikifanya kazi miaka ile yaweza kuwa bado inabeba maradhi yale. Na hata leo, dizeli iliyokaa katika pipa wazi au kuchotwa kwa ndoo yafaa kuogopwa.

Adui wa tatu ni joto. Fundi wengi, gari ikichemka, huitoa themostati wakaitupa. Hili si dawa. Themostati huwekwa ili injini ifikie joto lake upesi na kukaa hapo. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta zaidi, na silinda zake huchakaa. Gari ikichemka, tazameni rejeta kama imeziba, mkanda wa feni kama umelegea, na kifuniko cha rejeta kama kinashika. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mgumu ndani, kama ule wa birika la chai, nao huzuia joto lisitoke. Sisi wa kisiwani, ambao visima vyetu vingi vina chumvi, twapaswa kutumia maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta.

Sasa kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Nchi ya Shinyanga na Geita iko juu. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi: kila pumzi inayovutwa na injini ina hewa pungufu kwa sehemu kama moja katika tisa kuliko hapa pwani. Maji nayo huchemka kwa digrii kama 96, si 100. Basi injini isiyo na tabo huwa dhaifu huko, hata ikiwa nzima. Dereva akiona hivyo humwambia fundi amfungulie pampu imwage dizeli zaidi. Hewa haitoshi kuichoma, gari hutoa moshi mweusi, na injini hupata joto la kuiunguza.

Katika haya yamo mafunzo mawili. La kwanza, pikapu iliyoonekana dhaifu Kahama itapata nguvu kidogo bila ya gharama yo yote ikifika usawa wa bahari. Msikimbilie kuiongeza nguvu kabla hamjaijaribu hapa. La pili, moshi mweusi wa huko waweza kupungua ukifika pwani kwa kuwa hewa imezidi, lakini madhara yaliyokwisha tokea ndani ya injini hayaondoki. Kwa hivyo, akiweza, mnunuzi aikague gari huko huko, au amtume fundi amwaminiye.

Namna ya kukagua ni hii. Mwambieni muuzaji asiiwashe gari kabla hamjafika. Wekeni mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto, rudini kesho. Injini nzima huwaka upesi hata ikiwa baridi. Kisha tazameni moshi. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa chache. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, maana yake ringi au vali zimechakaa. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto ni dizeli isiyowaka, au maji yanayoingia ndani ya silinda kwa gasketi iliyoungua au hedi iliyopasuka. Halafu, injini ikinguruma, fungueni kifuniko cha oili taratibu. Ikitoka pumzi nyingi kwa nguvu kama bomba la moshi, mbano unapita pembeni mwa pistoni, na injini hiyo karibu itataka kufunguliwa.

Wala msiiamini sana saa ya kilometa. Saa hiyo huhesabu magurudumu yanavyozunguka, haihesabu injini. Gari ya mgodini yaweza kunguruma saa nyingi imesimama, na hata kilometa moja isionekane. Tena namba ya injini na ya chasisi ni lazima zilingane na zile za kadi. Zikitofautiana, msitoe fedha mpaka jambo hilo lielezwe na mamlaka ya usajili.

Gari ikishanunuliwa, kazi ya kwanza si kuiongeza nguvu, ni kuirudishia ile iliyokuwa nayo. Badilini oili na filta zote. Badilini mkanda wa taimingi hata kama muuzaji ameapa kuwa ni mpya, kwani mkanda huo ukikatika, vali na pistoni hupigana. Injini hizi huutaka mkanda mpya kila kilometa 100,000. Pelekeni nozo na pampu kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia, asizipime kwa macho. Pimeni mbano wa kila silinda. Silinda zikipishana sana, tafuteni sababu. Pimeni na nafasi ya vali. Baada ya hapo, oili na ibadilishwe kila kilometa 5,000. Gari nyingi zilizoitwa dhaifu hupona hapa, na mwenyewe akaona hana haja ya zaidi.

Ikiwa bado mwataka nguvu, njia ni tatu. Ya kwanza, nayo ni rahisi na yenye faida kuliko zote, ni kuongeza kinga: chombo cha kutenga maji kwenye dizeli, bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hata usawa wa paa ambako vumbi ni chache, na saa ya kuonyesha joto la maji kwa hakika.

Ya pili, kwa wenye Hilux ya 2L, ni kutia injini ya 3L au 5L. Hizi ni za ukoo mmoja, na kuzifunga hakutaki mabadiliko makubwa. Lakini mabadiliko hayo yaandikishwe katika kadi.

Ya tatu ni kufunga tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Hapa twawaomba mwende pole pole. Waliotengeneza 1HZ walitengeneza pia ndugu yake mwenye tabo, 1HD-T, wakaipunguzia mbano hata kufika kama mara 18 na nusu. Hawakufanya hivyo kwa mchezo: tabo huongeza hewa, hewa huongeza mbano, na mbano huongeza joto. Anayefunga tabo katika 1HZ yenye mbano wa mara 22, kisha akaifungulia pampu bila ya kufunga saa ya kupima joto la moshi, anaikaribisha pistoni iyeyuke na hedi ipasuke. Na kuifunga katika injini iliyochakaa ni kumtwika mgonjwa gunia la pili.

Hesabu yetu ni hii: ikiwa gharama ya kuifungua injini yapita nusu ya bei ya gari nzima, ni afadhali kutafuta injini nyingine au gari nyingine. Lakini msisahau kuwa gari ya Shinyanga, nchi kavu, mara nyingi huwa na chasisi isiyoliwa na kutu, ilhali gari iliyokaa kisiwani huliwa na chumvi. Injini hubadilishwa, chasisi iliyooza haina dawa. Basi gari ya bara ikifika kwetu, na ioshwe chini kwa maji matamu na kupakwa oili, khasa baada ya kushuka melini.

Neno la mwisho ni la karafuu yenyewe. Karafuu hushika harufu upesi. Dizeli ikimwagika nyuma ya pikapu, gunia litakalowekwa juu yake litanuka, na mnunuzi atalikataa kwa haki. Madumu ya dizeli yasipakiwe pamoja na karafuu, na sakafu ya gari ioshwe kwa sabuni na kukaushwa kabla ya mavuno.

Wanachama wanaotaka kununua pamoja na waje ofisini kabla ya kutoa fedha, ili tupatane juu ya fundi mmoja wa kuwakagulia. Gharama ya fundi huyo mkigawana itakuwa ndogo, na msimu ukifika gari itakuwa barabarani.

Katibu wa Chama