Njozi, Maruerue na Kazi ya Lugha

Mjadala kuhusu athari za LSD na meskalini katika sanaa ya utamaduni kinzani wa Marekani ya miaka ya 1960 huanza, kwetu sisi wanaisimu, na jina. Baadhi ya madaktari wa miaka ya 1950 waliziita dawa zinazoiga wazimu. Mwaka 1956 daktari Humphry Osmond, akiandikiana barua na mwandishi Aldous Huxley, aliunda istilahi nyingine, saikedeliki, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: moja lenye maana ya nafsi, jingine ya kudhihirika. Kwa jina la kwanza, mtumiaji ni mgonjwa; kwa la pili, ni shahidi. Nasi hatujasalimika: tukisema maruerue tumekwisha kuhukumu, tukisema njozi tumekwisha kusifu.

Hudaiwa mara nyingi kuwa dawa hizo ndizo zilizouzaa mtindo wa sanaa ya kipindi hicho. Hoja yangu ni kwamba ziliwapa wasanii jambo la kusema, lakini namna ya kulisema waliirithi.

Tumtazame Huxley kwanza. Alimeza meskalini mwaka 1953, kisha akachapisha *The Doors of Perception* mwaka 1954. Jina la kitabu alilitwaa kwa William Blake, mshairi aliyezaliwa karne ya 18. Na mikunjo ya suruali yake mwenyewe, iliyomstaajabisha siku ile, aliieleza kwa kurejelea mavazi katika michoro ya Botticelli.

Aidha, yatazamwe mabango ya muziki ya San Francisco ya mwaka 1966. Herufi za Wes Wilson, zilizovimba na kujipinda kama ndimi za moto, hutajwa kuwa alama ya LSD. Hata hivyo, umbo lake Wilson alilipata kwa Alfred Roller, msanii wa Vienna wa mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye herufi zake alikuwa ameziona katika katalogi ya maonyesho.

Naye Ken Kesey alijitolea kufanyiwa majaribio ya dawa hizo katika hospitali ya Menlo Park. Katika riwaya yake ya mwaka 1962, *One Flew Over the Cuckoo's Nest*, ukungu unaojaa wodini huonwa na msimulizi ambaye ni mgonjwa. Msimulizi asiyeaminika ni mbinu kongwe ya riwaya, iliyotangulia maabara zote.

Sikatai kwamba dawa zilibadili yale waliyoyaona. Lakini walikuwapo wengi waliozimeza wasiandike hata mstari mmoja. Tukiipa dawa sifa ya sanaa, tunamnyang'anya msanii jasho lake, na kumfundisha mwanafunzi wetu kwamba usomaji waweza kurukwa.

Kwa mfasiri, basi, nashauri hivi: daktari wa miaka ile aseme maruerue, Huxley aseme njozi, na msomaji aachiwe kuamua.